Alfa Romeo: gari tamu, ahadi chungu (uzi mrefu, wenye haraka pitieni mbali)

MLETA UZI

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa magari ya Ulaya kuna mdau aliuliza kwa nini Alfa Romeo haishiki sokoni, wakati kila anayejua magari anaisifia. Alijibiwa neno moja tu, "Inaharibika", watu wakagonga vicheko na mada ikaishia hapo. Mimi nipo Italia mwaka wa tisa sasa, huku kusini, nje kidogo ya Napoli. Kiwanda cha Pomigliano d'Arco nakipita kila nikienda kibaruani. Hilo la kuharibika lina ukweli wake, ila ni kipande kidogo cha habari. Kinachoimaliza Alfa ni ahadi. Kila bosi anakuja na mpango wake, anauchana wa mwenzake, na kabla wa kwake haujaiva naye anaondoka. Gari linabaki yatima.

Historia naipitia mbio. Kampuni ilizaliwa Milano, Juni 1910, kwa jina la A.L.F.A. Mhandisi Nicola Romeo akaingia 1915, baadaye jina lake likaunganishwa kwa nyuma. Enzo Ferrari, huyuhuyu wa farasi mweusi, alikuwa dereva wa Alfa na kisha msimamizi wa timu yake ya mbio kabla hajaunda gari hata moja lenye jina lake. Formula 1 ilipoanza kuwa na bingwa wa dunia mwaka 1950, bingwa alikuwa Nino Farina ndani ya Alfa. Mwaka uliofuata Juan Manuel Fangio akarudia kazi hiyohiyo. Serikali ya Italia iliishika kampuni tangu miaka ya 1930 hadi 1986, ikaiuza kwa Fiat. Ford nao walikuwa mlangoni wanaitaka.

Hapo katikati ndipo inapoingia Pomigliano. Serikali ilitaka ajira zishuke kusini, ikajenga kiwanda hapa, na mwaka 1971 Alfasud ikaoneshwa. Gari dogo la kuvuta mbele, injini ya silinda nne zilizolala, mchoro wa Giorgetto Giugiaro. Kwenye kona lilikuwa linawaaibisha wenye magari ya bei mara mbili yake. Tatizo ni kwamba lilioza. Kutu ilikula bodi lake kama inavyokula bati la kibanda cha ufukweni. Wazee wa hapa mpaka leo wanabishana kahawani: huyu anasema chuma kibovu kutoka Urusi, yule anasema migomo, mabodi yakikaa siku nyingi bila rangi. Mimi sina wa kumuunga mkono, nakunywa kahawa yangu. Ila ile sifa ya "Alfa ni kimeo" ilianza kukolea hapo, na watu wanaendelea kuirithishana hata ambao hawajawahi kuiona Alfasud kwa macho.

Nakuja na kipande cha pili.

MDAU WA ARUSHA

Naweka kigoda hapa. Mkuu usije ukatuachia uzi njiani, utakuwa umefanya kama hao mabosi.

MDAU WA MBAGALA

Mnahangaika na magari ya maonyesho. Mimi IST yangu inaenda Songea na kurudi, kazi yangu ni kubadilisha oili tu. Endeleeni.

MLETA UZI

IST hatuigusi mkuu, heshima yake ipo palepale.

Twende. Miaka ya 1990 Fiat waliiamsha Alfa kwa gari moja: 156, ya mwaka 1997. Mchoro ulisimamiwa na Walter de Silva. Vitasa vya milango ya nyuma alivificha pembeni mwa kioo, ukiliangalia kwa mbali unadhani ni gari la milango miwili. Siku hizi kampuni nyingi zinaiga mtindo huo. Likachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya 1998, na mdogo wake 147 akachukua ya 2001. Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa dizeli wengi hawalijui: 156 ndilo gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa na dizeli ya komoni reli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote. Mfumo ulio kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi mpya za dizeli leo, barabarani ulianza na Alfa.

Na ile injini ya V6 ya Giuseppe Busso, yenye mabomba ya kuingizia hewa yaliyong'arishwa mpaka unajitazama! Fungua boneti kwenye maegesho uone watu watakavyokusanyika. Sauti yake siwezi kuiandika. Uzalishaji wake ulikoma mwishoni mwa 2005 kwenye kiwanda cha Arese, jirani na Milano, na mzee Busso mwenyewe akafariki siku chache baadaye, Januari 2006. Waitaliano wanalisimulia hilo kwa sauti ya chini kama la msibani.

Baada ya hapo ndipo ukame ukaanza. 159 ilikuja 2005, nzuri ya sura, nzito ya mwili. Ikaondoka 2011 bila mrithi. Kwa miaka kama minne hivi kampuni iliyojijengea jina kwa magari ya saluni haikuwa na saluni hata moja. Ilikuwa inauza MiTo na Giulietta, vigari vya kuvuta mbele, pamoja na 4C, kile kigari cha viti viwili chenye chasisi ya kaboni ambacho hata mfuko wa sokoni unaupakia kwa kuomba radhi.

MDAU WA MOMBASA

Mkubwa samahani nakukatiza. Ile nembo yao ina nyoka anameza mtu. Hiyo ni nini jamani? Mamangu aliiona kwa simu yangu akaniambia hiyo gari isiingie kwake.

MLETA UZI

Mpe pole mama, si uchawi. Ule ni nembo ya ukoo wa Visconti waliotawala Milano zamani za kati, wenyewe wanamwita *biscione*. Msalaba mwekundu ulio pembeni yake ni wa mji wa Milano. Wapo wanaosema yule mtu hamezwi bali anatoka mdomoni mwa nyoka akiwa mpya. Mwambie mama hiyo ya pili.

Alama ambayo mimi naiheshimu zaidi ni ile ya jani lenye vidole vinne, *quadrifoglio*. Mwaka 1923 dereva Ugo Sivocci aliichora kwenye gari lake kutafuta bahati, akashinda mbio za Targa Florio kule Sicilia. Mwaka huohuo akafa Monza akijaribu gari ambalo halikuwa limechorwa alama hiyo. Tangu hapo Alfa za mbio zikawa zinabeba jani ndani ya pembetatu nyeupe. Awali ilikuwa mraba, wakatoa pembe moja kwa ajili yake. Ndiyo maana matoleo makali yanaitwa Quadrifoglio hadi leo.

Sasa tuingie penyewe. Mei 2014 Sergio Marchionne, bosi wa Fiat Chrysler, yule mzee wa sweta jeusi siku zote, alisimama Marekani akatangaza: euro bilioni 5, magari mapya 8, na ifikapo 2018 Alfa iuze magari 400,000 kwa mwaka. Wakati huo ilikuwa haifikishi hata robo ya hesabu hiyo.

Lakini kuna jambo moja alilifanya vizuri sana. Aliwatoa wahandisi kwenye urasimu wa kampuni, akawatenga Modena chini ya Philippe Krief aliyetoka Ferrari, akawapa karatasi tupu. Wakatoka na jukwaa, yaani msingi wa chini wa gari, linaloitwa Giorgio, na juu yake Giulia. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito umegawanywa nusu kwa nusu mbele na nyuma, propela ya kaboni, usukani mwepesi wa kuitikia kuliko wapinzani wote. Ile Quadrifoglio ikapewa V6 ya lita 2.9 yenye turbo mbili, farasi 510. Mwaka 2016 ikazunguka njia ya mbio ya Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 32, muda ambao saluni ya kawaida ya milango minne haikuwa imewahi kuufikia. Jarida la Motor Trend la Marekani likaipa tuzo ya Gari la Mwaka 2018. Ikafuata Stelvio, la juu kidogo kwa wanaopenda kukaa juu, na lenyewe halitii aibu kwenye kona.

Giulia nimeliendesha, dizeli ya kawaida ya lita 2.2, la mfanyakazi mwenzangu, kutoka hapa kwenda Cassino na kurudi. Siyo lile la farasi 510, dizeli tu. Wakuu, nimeendesha magari ya Kijerumani ya daraja lake. Yale yanakubeba, hili mnakwenda nalo. Ukigusa usukani pua imeshageuka, na viti havikuchoshi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu sasa nimejua kwa nini Carabinieri wanayapenda. Akaniuliza bei, mazungumzo yakaisha.

FUNDI WA ILALA

Mleta uzi unaandika vizuri lakini unaruka jambo. Sisi tulio gereji tunajua. Gari la Kitaliano linakuja na umeme mwingi na fundi wa kulisoma hayupo. Ukipachika mashine ya kawaida ya kupimia, nusu ya kompyuta zake haizioni. Spea unasubiri kutoka Ulaya au Dubai, mteja gari lake liko juu ya mawe miezi miwili. Halafu mnasema shida ni mabosi?

MLETA UZI

Fundi, hapo umenibana na sikatai. Giulia za mwanzo, 2016 na 2017, magazeti ya Marekani yaliyapa vidonda kweli: taa za hitilafu zikiwaka ovyo, magari ya majaribio yakigoma mbele ya waandishi. Mengi yalikuwa ni programu za kompyuta na sensa, si chuma. Betri ya gari hili iko buti, na ikichoka kidogo tu dashibodi inakuwa kama mti wa Krismasi. Waliyatoa sokoni kabla hayajaiva, na yaliyofuata yalitulia.

Ila sikiliza hesabu yangu. Magari ya kifahari ya Kijerumani nayo yanaharibika, na mafundi wa Ilala mnakula kwa hayo hayo. Watu wanaendelea kununua kwa sababu muuzaji yupo, spea ipo, na kila baada ya miaka michache linakuja jipya. Giulia lilipewa nini? Stesheni wagoni halikupewa, wakati Ulaya kampuni nyingi zinanunulia wafanyakazi wake stesheni. Kupe halikupewa. Skrini ya kugusa imekuja toleo la 2020, wapinzani walishahama huko zamani. Juni 2018 Marchionne akatangaza tena, safari hii GTV ya farasi zaidi ya 600 na 8C mpya ya zaidi ya 700. Mwezi uliofuata akafariki. Oktoba 2019 mrithi wake Mike Manley akayafuta yote mawili. Yale magari 8 ya ahadi ya kwanza? Yametoka Giulia na Stelvio, basi.

Marekani, soko alilolitegemea, mwaka 2018 waliuza zaidi ya magari 23,000. Mwaka 2024 hata 10,000 hayakufika. Kule Cassino yanapotengenezwa hayo mawili, kiwanda kilitoa zaidi ya magari 130,000 mwaka 2017. Mwaka 2024 hata 30,000 hayakutimia, na humo wamehesabu hadi Maserati. Ukipita pale siku ya kazi, maegesho ya wafanyakazi yana nafasi za kuchezea mpira.

MDAU WA JOHANNESBURG

Mimi ni Mkigoma niliyeko Sauzi. Huku Alfa haikuwa mgeni, zilikuwa zinaundwa mji wa Brits hadi katikati ya miaka ya 1980. Wenyewe waliifanya GTV6 iwe na injini ya lita 3.0 kwa ajili ya mbio zao kabla hata Italia haijaweka injini ya ukubwa huo. Zilizobaki wazungu wanazifungia gereji kama dhahabu. Kwa hiyo Afrika imeichangia Alfa, isiwe tunasomeshwa tu.

MLETA UZI

Asante mkuu, hiyo ni kweli tupu na nilikuwa nimeisahau. Ndiyo maana napenda majukwaa.

Kipande cha mwisho: zama za Stellantis. Januari 2021 Fiat Chrysler wakaungana na kundi la Peugeot, ikazaliwa Stellantis. Bosi wake, Carlos Tavares, akaikuta Alfa mezani pamoja na chapa nyingine 13, akasema kila chapa ina miaka 10 ya kujithibitisha. Jean-Philippe Imparato akakabidhiwa Alfa, akatangaza kwamba kuanzia 2027 itakuwa ya umeme mtupu.

Tonale likatoka Februari 2022, linaundwa hapahapa Pomigliano. Gari zuri kwa macho. Chini ni ukoo wa Jeep Compass, la kuvuta mbele, haibridi ya lita 1.5. Sijasema ni baya. Linapeleka watoto shule, linakula mafuta kidogo, na mtaani kwangu yapo mengi. Ila aliyetoka kwenye Giulia akaingia humo ni kama aliyezoea pilau la harusini akapewa wali maharage. Shibe ipo, ila si alichokifuata.

Halafu ile sinema ya Aprili 2024. Tarehe 10 wakazindua gari dogo jipya, jina Milano, kuuenzi mji uliowazaa. Linaundwa wapi? Tychy, Poland. Waziri wa viwanda Adolfo Urso akaja juu: kuna sheria ya 2003 inayokataza kumpumbaza mnunuzi kwamba kitu ni cha Italia wakati si cha Italia. Tarehe 15, siku tano tu baadaye, Milano likaitwa Junior. Kampuni ilisema haikuvunja sheria yoyote, imebadili kwa ajili ya maelewano. Huku baa ilikuwa burudani ya wiki nzima. Wakati wanagombea jina, hakuna aliyeuliza kwa sauti hiyohiyo kwa nini gari lenyewe halikuundwa Cassino kwenye nafasi wazi.

Junior ni ndugu wa Jeep Avenger na Peugeot 2008. Lipo la umeme na lipo la haibridi ya silinda tatu, lita 1.2, lililotoka na farasi 136. Fundi wa Ilala hapa sikiliza: injini hiyo kizazi cha nyuma ndiyo yenye mkanda wa taimingi unaoogelea kwenye oili, ukachakaa, ukaziba njia za oili, ukawaliza watu Ulaya nzima. Hii ya haibridi wameweka cheni. Na lipo la umeme la farasi 280, Veloce, ambalo usukani na difu yake vilipikwa na wahandisi waliokuwa kwenye 4C na Giulia GTA. Wanaojua wanasema lina ladha ya Alfa.

Kinachoniuma ni Stelvio na Giulia mpya. Stelvio jipya lilikuwa litoke 2025, Giulia 2026, yote ya umeme tu. Umeme ukauzika pole pole kuliko walivyodhani, wakarudi kuchora upya ili injini ya mafuta iingie. Imparato akaondoka Oktoba 2024, akaja Santo Ficili. Tavares akajiuzulu Desemba. Katikati ya 2025 akaja Antonio Filosa juu ya wote. Magari mapya yakasogezwa mbele, ya zamani yakaongezewa muda hadi 2027. Yaani Giulia lililooneshwa Juni 2015 litakuwa limekaa dukani zaidi ya miaka kumi bila kupata kizazi kipya, katika biashara ambayo mpinzani anabadilisha kila baada ya saba. Gari lenyewe bado linawashinda kwenye kona. Mabosi wangapi wamepita juu yake, hesabuni wenyewe.

MDAU WA ARUSHA

Mkuu umemaliza kiu. Sasa swali la kimaskini. Naona Giulia za mnada Japani, usukani wa kulia, bei imeporomoka mpaka naogopa. Nivute au nisivute?

MLETA UZI

Bei kuporomoka ndiyo faida pekee ya hizi shida zote. Usichukue la mwaka wa kwanza. Omba karatasi za sevisi, maana injini ya lita 2.0 inafungua valvu za kuingiza hewa kwa nguvu ya oili. Ukiweka oili ya bora liende umejitafutia. Betri weka mpya kabla hujaanza kumlaumu mtu. Mengi hayana tairi la akiba, na kwa matuta yetu gari lipo chini, bora Stelvio. Likizidi miaka 8 Bongo unapigwa ushuru wa uchakavu, na yule ndugu wa Mombasa haliingii kwao kabisa. Na kabla hujatuma hela, mtafute fundi mwenye mashine ya kulisoma. Uwe umemwona kwa macho, siyo wa kuambiwa yupo.

FUNDI WA ILALA

Hapo sasa umesema. Mashine ipo kwa jamaa mmoja Sinza. Mkuu wa Arusha nicheki inbox.

MDAU WA MBAGALA

Nimesoma mpaka mwisho, sikutegemea. Hilo Junior la umeme chaji moja linaenda kilomita ngapi?

MLETA UZI

La farasi 156 wenyewe wanasema 410. Lile la 280 linapungua.

MDAU WA MBAGALA

Dar Songea ni zaidi ya 900. Kwa hiyo nikifika Mikumi naanza kumuulizia nani soketi?